Kimepotea, Kimepotezwa, Kimetupotea: Lugha ya Dhamana ya Vitu Vilivyokabidhiwa Ofisi Masisi na Walikale

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja dogo la sarufi ya Kiswahili na jambo moja kubwa la maisha ya watu wa Kivu ya Kaskazini, na kuonyesha kwamba mambo hayo mawili hayako mbali kama yanavyodhaniwa. Jambo la sarufi ni tofauti kati ya vitenzi potea na poteza. Jambo la maisha ni swali linaloulizwa kila mara katika wilaya za Masisi na Walikale (au teritwari, kama tunavyozoea kuziita kwetu): kitu kilichotoka ardhini, kikakabidhiwa kwa ofisi ili kitunzwe, kikitoweka kikiwa mikononi mwa ofisi hiyo, nani atajibu?

Mwandishi hakuanza kulifikiri suala hili darasani. Mwaka 2018 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa akitafuta dhahabu pamoja na wenzake katika kijito kimoja upande wa Walikale. Walikuwa wamekodi detekta, yaani kile kifaa cha kutambulia vyuma kinacholia kikipitishwa juu ya madini. Kifaa kililia, wakachimba, lakini hawakupata dhahabu. Walipata nyundo nzito ya chuma ya mhunzi wa zamani, pamoja na vipande vitatu vya shaba vilivyokunjwa kama bangili. Wazee walioiona nyundo walisema kwamba haikuwa ya kazi peke yake, ilikuwa ya heshima, na kwamba haifai kuuzwa. Vijana wakashauriana, wakaipeleka ofisini. Hapana haja ya kuitaja ofisi hiyo. Waliambiwa waiache, itatunzwa mpaka wataalamu waje. Hawakupewa karatasi yoyote.

Baada ya miezi minane mpwa wangu alirudi kuuliza. Jibu alilopewa na yule aliyemwita shefu lilikuwa hili: «Ile kintu ilishatupotea.» Ndipo aliponijia, akanitaka niandike barua ya malalamiko kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha. Sikutambua wakati ule kwamba barua hiyo ingenichukua wiki mbili, na kwamba sehemu kubwa ya wiki hizo ningeitumia kutafuta kitenzi kimoja.

Juu ya potea na poteza

Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hujifunza kwamba Kiswahili kina jozi za vitenzi kama ingia na ingiza, enea na eneza, legea na legeza, potea na poteza. Katika kila jozi kitenzi cha kwanza hueleza hali inayokipata kitu, na cha pili hueleza mtendaji anayeisababisha hali hiyo. Vitabu vya sarufi huliita umbo la pili kauli ya kutendesha. Hadi hapo hapana ugumu.

Ugumu huanza tunapochunguza kila kitenzi kinaruhusu nini na kinakataza nini. Tukisema «Kitu kimepotezwa», msikilizaji ana haki ya kuuliza «na nani?», kwa sababu kauli ya kutendwa inaacha nafasi ya mtendaji wazi hata kama hatukumtaja. Tukisema «Kitu kimepotea», nafasi hiyo haipo. Hatuwezi kusema «Kitu kimepotea na karani», isipokuwa kama tunamaanisha kwamba karani naye ametoweka pamoja na kitu hicho, jambo ambalo kwetu limewahi kutokea, lakini si maana tunayoitafuta hapa. Vitenzi vya namna hii vimefunga mlango kwa mtendaji. Hali kadhalika vunjika, pasuka, katika, potoka. Mtoto aliyevunja gilasi ya mama yake husema «imevunjika», wala hakuna aliyemfundisha.

Liko umbo la tatu, nalo ndilo lililotumiwa na shefu yule. Kitenzi potea kinaweza kupokea kiambishi cha yambwa: kimenipotea, kimekupotea, kimetupotea. Kiambishi hicho si cha mtendaji, bali ni cha yule aliyepatwa na hasara. Mtu anayesema «kalamu yangu imenipotea» anaomba ahurumiwe. Sasa tutazame kilichofanyika katika sentensi «ilishatupotea». Ofisi iliyopewa kitu ikitunze imejiweka katika nafasi ya mwenye kufiwa. Aliyechimba, aliyebeba nyundo ile kilomita nyingi begani, hayumo kabisa katika sentensi. Kwa kiambishi kimoja cha silabi moja mwenye kulaumiwa amegeuka kuwa mwenye kupewa pole. Sidhani kwamba shefu alikusudia hila. Lugha ilimpa kiti, naye akakalia.

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba lugha zote hufanya hivyo, na ni kweli. Kifaransa cha ofisi zetu kina «a disparu» na «manquant», navyo havimtaji mtu. Lakini katika ofisi zile zile Kifaransa kina pia mazoea ya karatasi: peve, bordero, na hasa ile shughuli iitwayo «remise et reprise», ambapo anayeondoka katika cheo humkabidhi anayeingia kila kitu kwa orodha, na wote wawili hutia sahihi. Kiswahili chetu cha Kivu kimerithi maneno ya kutoweka bila kurithi karatasi. Mkulima au mchimbaji anayehudumiwa kwa Kiswahili huambiwa kwa mdomo, na maneno ya mdomo huishia katika potea, kosekana na haionekani.

Waswahili wa pwani, ambao walikuwa wafanyabiashara kabla hawajawa watu wa ofisi, walilijua jambo hili. Methali yao ya «Mali bila daftari hupotea bila habari» inajulikana na kila mwanafunzi. Tuitazame kisarufi. Imechagua hupotea, si hupotezwa, na imeongeza «bila habari». Maana yake, nionavyo, ni kwamba pasipo daftari hata swali la nani aliyepoteza haliwezi kuulizwa. Daftari ndilo linaloifanya potea iweze kugeuzwa kuwa poteza.

Amana na dhamana

Maneno haya mawili yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kwa masikio ya mtu wa Goma yanafanana mno. Hata hivyo, mizizi yake ni tofauti. Amana iko katika jamii moja na amini, imani na amani. Dhamana imetoka katika mzizi mwingine wenye maana ya kubeba jukumu la kulipa. Katika sheria ya Kiislamu tofauti hiyo si ya maneno tu. Mtu aliyewekewa amana, kikiharibika kitu bila ya kosa lake, halazimiki kulipa. Lakini akizembea, au akakitumia bila ruhusa, basi dhamana inamwangukia, naye hulipa. Kwa hiyo amana ni hali ya kuaminiwa, na dhamana ni kile kinachobaki uaminifu unapovunjika.

Sheria ya Kongo, ambayo mizizi yake ni ya Ubelgiji na Ufaransa, imefika karibu na mahali hapo kwa njia nyingine. Sheria ya madeni na mikataba humtaka aliyewekewa kitu akitunze kama anavyotunza vitu vyake mwenyewe, na kurudisha kitu kile kile, si kingine kinachofanana nacho. Upande wa jinai, kifungu cha 145 cha kanuni ya adhabu kinamhusu mtumishi wa serikali anayejipatia isivyo haki fedha au vitu vilivyokuwa mikononi mwake kwa sababu ya kazi yake, na adhabu yake ni kazi ngumu ya mwaka mmoja hadi miaka 20. Neno la kuangaliwa hapo ni mikononi. Sheria haiulizi kitu ni cha nani. Inauliza kilikuwa mikononi mwa nani. Kuhusu vitu vya kale, amri yenye nguvu ya sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni na kutaka uvumbuzi wake utangazwe kwa serikali. Vijana wale, bila kuisoma, waliitimiza.

Katika Kiswahili cha Kivu, serikali huitwa Leta, neno lililotokana na Kifaransa «l'État». Ni nomino isiyo na uso. Watu husema «Leta imekamata», «Leta imechukua», «bintu vya Leta». Sijamsikia mtu akisema «Leta imerudisha», ingawa kisarufi hakuna kinachozuia. Ukiuliza ni nani hasa ndani ya Leta aliyechukua, unaonekana mkorofi. Naona kwamba hapa tatizo si la kitenzi tu, ni la kiima pia. Kitenzi kimemficha mtendaji, na pale mtendaji anapotajwa, ametajwa kwa jina ambalo haliwezi kuitwa mahakamani likaitika.

Juu ya neno uwajibikaji lenyewe liko la kusema. Limeenea katika magazeti na hotuba, na asili yake ni wajibu. Wengi wa wanafunzi wangu hudhani kwamba wajibu na jibu ni neno moja, kwa hiyo kuwajibika ni kuwa tayari kujibu. Katika Kiarabu mizizi ni miwili tofauti. Lakini sikio la Mswahili limeshaiunganisha, nami sioni haja ya kuwasahihisha kwa ukali, maana kosa lao lina hekima. Nchini Tanzania kuwajibika kumefikia hata kumaanisha kuacha cheo kwa kosa lililotendwa na walio chini yako, kama alivyofanya Ali Hassan Mwinyi katika miaka ya 1970 alipojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Yeye hakuua mtu. Walikufa mikononi mwa wizara yake, naye akaona hilo latosha.

Magunia, lebo na kilo zinazopungua

Nyundo moja ya mhunzi haiwezi kuitikisa nchi. Lakini Masisi na Walikale zina vitu vingine vinavyotoka ardhini na kupita mikononi mwa watumishi wa serikali kila siku, navyo ni magunia ya madini. Masisi ina koltani ya Rubaya, ambayo hukadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Walikale ina kasiteriti ya Bisie, pamoja na dhahabu katika vijito vingi. Kwa madini haya uliundwa mpango wa lebo, na ni vyema kuueleza, kwa sababu ulikuwa jaribio kubwa la kuandika daftari mahali ambapo halikuwapo.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema, na marufuku hiyo iliondolewa Machi 2011. Mpango wa lebo ulioitwa iTSCi, wa wenye viwanda vya bati na tantali, ulikuwa umekwisha kuanza majaribio. Rubaya iliingia mwaka 2014. Kila gunia likitoka mgodini lilipimwa, likafungwa lebo yenye nambari, na nambari hiyo ikaandikwa katika daftari pamoja na uzito, tarehe na jina la mgodi. Likifika kwenye depo ya mnunuzi, ambaye kwetu huitwa negosia, lilipimwa tena na kufungwa lebo ya pili. Waliofunga lebo walikuwa maajenti wa serikali, si wa mpango. Kwa hiyo mtu aliyekaa Ulaya au Asia aliweza, kwa nadharia, kulifuata gunia hadi kwenye shimo lake.

Nasema kwa nadharia. Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa lilieleza zaidi ya mara moja, katika ripoti zake za miaka iliyofuata, jinsi lebo zilivyouzwa na jinsi madini ya migodi isiyoruhusiwa yalivyovalishwa lebo za migodi iliyoruhusiwa. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti ndefu yenye madai kama hayo, na wenye mpango wakayapinga. Sina nafasi ya kuamua kesi hiyo hapa. Kinachonihusu ni kwamba lebo yenyewe ilikuwa kitu kilichokabidhiwa ofisi. Magunia yalikuwa na daftari; je, lebo zisizotumika zilikuwa na daftari la nani? Lebo iliyotoka kabatini bila gunia ni sawa na muhuri uliotoka ofisini bila barua.

Liko neno jingine la magunia linalostahili kuchunguzwa, nalo ni kupungua. Gunia likipimwa mgodini likakutwa na kilo 52, kisha depo likakutwa na 47, husemwa kwamba kilo «zimepungua». Na hapa lazima tuwe waadilifu. Mchanga wa kasiteriti na wa koltani huoshwa kwa maji, na hupimwa ukiwa bado umelowa. Njiani maji hudondoka na mengine hukauka, na depo wakisafisha tena, taka nyingine hutoka. Kwa hiyo kilo zinaweza kupungua zenyewe kabisa, bila mkono wa mtu, na kitenzi pungua kikawa kinasema kweli tupu. Lakini zinaweza pia kupunguzwa. Vitenzi hivi viwili vinatofautiana kwa sauti chache tu, na mizani haiwezi kuvitofautisha. Kinachoweza kuvitofautisha ni daftari lililoandika kama mchanga ulikuwa umelowa au umekauka, nani alikuwepo, na gunia lililala wapi usiku ule. Mchimbaji anayelipwa kwa kilo za depo, si kwa kilo za shimo, anaijua tofauti ya pungua na punguzwa kuliko profesa yeyote wa isimu.

Mwisho wa Aprili 2024 waasi wa M23 waliitwaa Rubaya. Kwa mujibu wa Kundi la Wataalamu, baadaye mwaka ule walikuwa wakipitisha angalau tani 120 za koltani kila mwezi na kukusanya ushuru wa takriban dola 800,000 kwa mwezi. Masisi-kati ilichukuliwa mapema Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo, na Walikale-kati tarehe 19 Machi 2025, ingawa huko waliondoka mwanzoni mwa Aprili. Kampuni ya Alphamin, yenye mgodi wa viwanda wa Bisie uliofunguliwa mwaka 2019, ilisimamisha kazi mwezi wa Machi na kuirejea Aprili. Matukio haya yanajulikana. Lisilosemwa sana ni lile la madaftari. Ofisi ikihamishwa usiku, nani anafanya «remise et reprise»? Vilivyokamatwa, vilivyowekwa rehani, vilivyongoja hukumu, vinakabidhiwa kwa nani na kwa orodha gani? Vita ndiyo hali ambayo potea inakuwa karibu na ukweli, na kwa sababu hiyo ndiyo pia hali ambayo mwenye hila huipenda zaidi. Kila kilichotoweka kabla ya vita huandikiwa tarehe ya vita.

Kinshasa, Dar es Salaam, London

Msomaji asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Masisi peke yake.

Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ya Zaire iliundwa mwaka 1970. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha kutoka Tervuren vitu 114, kati yake sanamu ya kifalme ya Wakuba. Baadaye, hasa katika machafuko ya miaka ya 1990, vitu viliibwa katika ghala la Kinshasa, na vingine vikaonekana katika masoko ya sanaa Ulaya. Kwa miaka mingi waliopinga kurudishwa kwa mali ya Afrika waliutumia mfano huo: mkipewa, mtapoteza. Hoja hiyo inaudhi, nami siikubali, lakini jibu lake haliwezi kuwa kukasirika tu. Tarehe 8 Juni 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho, na miezi michache kabla ya hapo serikali ya Ubelgiji ilikuwa imekabidhi orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyoko Tervuren. Wengi waliitazama barakoa. Mimi niliifikiria zaidi orodha.

Kisa cha Dar es Salaam kina mafunzo zaidi. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa ya Tanzania ilivunjwa, na kati ya vitu vilivyoibwa ilikuwamo barakoa ya Kimakonde. Mwaka uliofuata ilinunuliwa Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli aliitambua huko Uswisi. Kuitambua kulihitaji kumbukumbu: bila ya maandishi na picha za zamani barakoa ile ingekuwa barakoa moja kati ya nyingi. Hata hivyo ilirudishwa rasmi mwaka 2010 tu, kwa usuluhishi wa baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM. Miaka 20 ilipita kati ya kutambuliwa na kurudishwa. Lakini ilirudi, kwa sababu aliyeibiwa aliweza kusema ni ipi.

Na wale wanaodhani kwamba Ulaya haipotezi, waitazame London. Nchini Uingereza mtu akitembea shambani na detekta akapata dhahabu au fedha ya kale, sheria ya hazina ya mwaka 1996 inamlazimu aitangaze, na kuna utaratibu wa kumwandikia mahali, tarehe na jina. Mpango mzima wa kuandika vitu vidogo vidogo vinavyookotwa na raia unasimamiwa na Makumbusho ya Uingereza, ambayo kwa hilo inastahili sifa. Lakini mwezi wa Agosti 2023 makumbusho hiyo hiyo ilitangaza kwamba vitu vya ghala lake vimetoweka, vimeibwa au vimeharibiwa. Baadaye ilielezwa kwamba ni takriban vitu 2000, vingi vikiwa vito na mapambo madogo ya kale. Mfanyabiashara wa vitu vya kale, Ittai Gradel, alikuwa ameionya makumbusho tangu mwaka 2021, akajibiwa kwamba hakuna tatizo. Mkurugenzi, Hartwig Fischer, alijiuzulu. Sehemu kubwa ya vitu vilivyotoweka haikuwa imeandikwa kikamilifu katika orodha. Yaani yule mtu aliyeokota kitu kimoja cha dhahabu ya kale alidaiwa akiandikishe, na jumba lenye mamilioni ya vitu lilikuwa na makabati yasiyoandikwa. Kufikia mwaka 2024 vitu zaidi ya 600 vilikuwa vimepatikana.

Tofauti ya London na kwetu, basi, haimo katika kupoteza. Imo katika kwamba kule mtu mmoja aliweza kuuliza kwa jina la kitu, na mtu mwingine akaacha cheo.

Barua na stakabadhi

Narudi kwenye barua ya mpwa wangu. Rasimu ya kwanza ilisema «nyundo iliyopotea ofisini kwenu». Nilipoisoma tena niliona kwamba nimeshamaliza kesi kabla haijaanza, kwa kuwa kitu kilichopotea hakina mpotezaji. Rasimu ya pili ilisema «nyundo mliyoipoteza». Mzee mmoja niliyemsomea alitikisa kichwa, akasema hiyo ni vita, na kijana bado anaishi kule. Alikuwa na haki. Katika heshima ya kwetu mdogo hamwambii mkubwa «umepoteza». Humwambia «kimepotea», na mkubwa mwenye utu hujiongezea mwenyewe kilichobaki. Ni adabu nzuri inapokuwa kati ya baba na mwana. Kati ya raia na ofisi inakuwa pazia.

Mwishowe niliacha potea na poteza kabisa, nikatumia kitenzi kabidhi: «Tarehe fulani tulimkabidhi fulani, saa fulani, mbele ya fulani na fulani, nyundo ya chuma yenye urefu huu. Tunaomba tuonyeshwe.» Hapakuwa na lawama. Kulikuwa na viima, yambwa na tarehe. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, nalo lilikuwa la sentensi moja: kitu hicho hakionekani kwa sasa. Haionekani mpaka leo.

Wazee wa Walikale walikuwa na hadhi ya chuma katika masimulizi yao. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, ulioandikwa kutoka kwa msimulizi mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, shujaa huvishwa mavazi ya chuma yaliyofuliwa na wajomba zake kabla ya kwenda kumkabili baba yake. Mpwa wangu, ambaye aliujua utendi huo kwa bibi yake wala si kwa kitabu, alinikumbusha hilo kwa kunitania: mjomba wa Mwindo alimpa mpwa wake chuma, na mimi nilimpa wangu karatasi.

Mwaka uliofuata waliokota kitu kingine, kengele ndogo ya chuma isiyo na ulimi. Safari hii hawakuipeleka kabla ya kunijia. Tuliipiga picha kando ya rula, tukaipima kwa mizani ya dukani, kisha nikaandika stakabadhi kwa Kiswahili na Kifaransa, nakala mbili, ikianza hivi: «Mimi, jina na cheo, nimepokea kutoka kwa…» Tulikwenda pamoja. Karani alikuwa kijana mpole, akatukaribisha viti. Aliisoma karatasi yetu polepole, akachukua kalamu, akaikata nimepokea kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika kimepokelewa. Kisha akapiga kashe, bila kutia sahihi, akatupa nakala yetu.